Kagua Kabla Hakijafunikwa: Mafunzo Niliyopata Kwenye Ujenzi wa Bwawa la Kuogelea

Sehemu kubwa ya kazi ya bwawa la kuogelea huishia kufichwa. Nondo humezwa na zege, mabomba hufukiwa chini ya sakafu, na mwishoni vigae vya buluu hufunika vyote. Nilipojenga bwawa la nyumba yetu ya wageni huku Kigamboni, nilivutana na mkandarasi kuanzia sakafuni hadi kwenye vigae. Haya ndiyo niliyojifunza, na ninamwandikia yeyote anayejiandaa kutoa fedha yake.

1. Kaangalie kazi za zamani za mkandarasi.
Picha za kwenye simu huonyesha bwawa siku lilipokabidhiwa, na siku hiyo kila bwawa linapendeza. Omba upelekwe kwenye bwawa alilojenga miaka mitatu au minne iliyopita, uzungumze na mwenye nyumba. Muulize kama maji yanapungua, kama vigae vimebanduka, na kama fundi akipigiwa simu anakuja. Hapa Tanzania, hakiki pia usajili wake kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kisha tafuta mhandisi wako mwenyewe, anayelipwa na wewe.

2. Mkataba utaje vipimo, usitaje sifa.
Maneno kama "zege imara" na "kazi ya kiwango" hayamfungi mtu. Kinachomfunga ni uwiano wa saruji, mchanga na kokoto (kwa mfano 1:1.5:3), unene wa kuta, ukubwa wa nondo na nafasi kati yake, kama mhandisi alivyochora. Kwetu huku pwani ongeza sharti moja: mchanga wa ufukweni usiguswe, maana chumvi yake huozesha nondo ndani ya zege.

3. Zege lisimwagwe kabla nondo hazijakaguliwa.
Asubuhi ya kumwaga zege la sakafu, mashine ilikuwa inaunguruma na vibarua wamejipanga. Mhandisi wetu akainama, akapitisha vidole chini ya nondo, havikupita. Zilikuwa zimelala chini kabisa. Kiongozi wa mafundi akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, tutazivuta juu wakati tunamwaga." Mhandisi akakataa. Mashine ikazimwa, vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo vikapangwa sakafu nzima, ndipo kazi ikaanza. Sababu yake ni hii: nondo isiyozungukwa na zege la kutosha hufikiwa na maji, hushika kutu, kutu huvimba, na uvimbe huo hupasua zege kutokea ndani.

4. Lipu haitibu zege bovu.
Mbao zilizoshikilia zege la ukuta zilipobanduliwa, pale ukuta unapokutana na sakafu palikuwa na matundu. Nikachomeka msumari, ukazama. Vibreta, mashine ya kutetemesha zege lishikane, haikufika kule chini, kokoto zikabaki bila uji wa saruji wa kuzishika. Jibu likawa lile lile wanalopewa wengi: "Mama, lipu itafunika." Kufunika itafunika, lakini maji yataendelea kupita nyuma yake. Dawa ni kuchonga mpaka ufike kwenye zege gumu, kuosha vumbi, na kujaza mota maalumu isiyosinyaa. Sakafu na kuta zikimwagwa siku tofauti, kwenye kiungo chake pawekwe mkanda wa kuzuia maji. Na zege likishamwagwa lisiachwe likaungua na jua. Limwagiliwe na kufunikwa kwa siku 7 angalau. Nguvu yake hupimwa likifikisha siku 28.

5. Jaza maji kabla ya vigae.
Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 48,000, sawa na tani 48. Uzito huo ndio mtihani wa kweli. Mabomba yajaribiwe kwa shinikizo kabla ya kufukiwa, kisha bwawa lijazwe likiwa bado halina vigae. Kwa kuwa jua na upepo hupunguza maji kila siku, tumia ndoo: ijaze maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa maji ya nje yakiwa usawa mmoja na ya ndani, uweke alama pande zote mbili, urudi baada ya saa 24. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, pana uvujaji. Tofauti ya milimita 5 tu kwa bwawa hilo ni lita 160 kwa siku.

6. Usalama usipunguziwe bei.
Pampu inayovuta maji kupitia tundu moja sakafuni inaweza kumnasa mtoto chini ya maji. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 kuhusu vifuniko vya matundu hayo baada ya mtoto wa miaka saba kufa hivyo. Dai matundu mawili yaliyoachana, yenye vifuniko salama, na umeme wa bwawa ufungwe na fundi mwenye leseni.

7. Bwawa lisimwagwe maji ovyo wakati wa masika.
Karibu na bahari, maji ya chini ya ardhi hupanda mvua zikikolea. Bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na maji hayo, likapasuka au kung'oka. Mkandarasi alitaka kutoa maji yote mwezi Aprili ili arekebishe vigae vichache. Tulimzuia, kazi ikasubiri kiangazi.

8. Fedha ifuate ukaguzi.
Gawa malipo kwa hatua: kuchimba, nondo, zege, jaribio la maji, vigae, mitambo. Kila hatua ilipwe baada ya mhandisi kutia saini. Zuia asilimia 5 hadi 10 mpaka kipindi cha matazamio kiishe, na kipindi hicho kipitie masika moja. Piga picha zenye tarehe, na makubaliano ya mdomo yaandikwe siku hiyo hiyo. Matundu ya ukuta wetu yalichongwa na kujazwa upya kwa sababu malipo ya hatua ile yalikuwa bado mikononi mwetu. Hasira zangu hazikuchangia chochote.

Mkandarasi mwadilifu hachukizwi na ukaguzi, kwani unamlinda naye pia asije akalaumiwa kwa yasiyo yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatia saini muulize swali moja: utakubali mhandisi wangu akague kila kitu kabla hakijafunikwa? Akisita, shukuru, ondoka, utafute mwingine.