Kiti Kimoja, Lugha Mbili: Njia ya Singida hadi Haydom

Basi la kutoka Singida kwenda Haydom kupitia Ilongero na Mtinko hubeba lugha za koo zilizo mbali kabisa. Wanyaturu na Wanyiramba ni Wabantu, Wadatoga ni Wanailoti, Wairaqw ni Wakushi. Na mara mojamoja hupanda Mhadzabe wa Mkalama, ambaye lugha yake haijapatiwa ndugu. Kiswahili huwaunganisha wengi. Lakini Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa 1955, huvuta pia wazee wa vijijini wasiokijua.

Ukiketi kiti kimoja na mmoja wao, msalimie kwanza, hata kama hataelewa neno. Inamisha kichwa, mpe nafasi ajibu kwa lugha yake. Usipaze sauti, mzee si kiziwi. Kabla ya kumsaidia mzigo, mwonyeshe kwa mkono unachotaka kufanya, maana stendi mzigo ukinyakuliwa na mgeni huhesabiwa umeibwa.

Kwenye nauli, acha namba na acha vidole, kwa kuwa si makabila yote yanayohesabu kwa vidole namna moja. Toa noti zenyewe. Mwalimu Nyerere ni elfu moja, simba elfu mbili, faru elfu tano, tembo elfu kumi. Mpangie anachodaiwa na chenji yake, konda akiona. Akitaka kujua mtafika lini, nyoosha mkono pale jua litakapokuwa.

Kazi kubwa ni kujua anashuka wapi. Usimuulize swali la ndiyo au hapana. Ukisema, "Mama, unashuka Mtinko?" huenda akaitikia kwa kichwa kwa heshima tu, nawe ukamshusha ugenini. Taja vituo polepole, kimoja kimoja, ukimtazama usoni. Jina la anakokwenda atalidaka hata katikati ya maneno asiyoyajua. Kisha nyamaza, alitaje mwenyewe. Asipolitaja, bado hamjaelewana: rudia. Ikiwa ameshika karatasi ya kliniki, omba kuiona kwa kunyoosha kiganja. Mfuko wake usiuguse.

Ukimpata abiria anayejua lugha yake, mwombe atafsiri njia na nauli, basi. Maumivu ya mama mtu mzima hayatangazwi ndani ya gari, tena kwa mdomo wa mtoto aliyeombwa kutafsiri. Mkifika Haydom, shuka naye, tafuta getini mwa hospitali mtu wa lugha yake, umkabidhi kwake ndipo uendelee na safari yako.