Si Kila Taya Lililovimba ni Jino

Mtoto akivimba taya, wazazi wengi hudhani ni jino, na mara nyingi ni jino kweli. Lakini uko uvimbe mwingine ambao ni saratani, nao hukua upesi sana.

Mwaka 1957 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Hakupata kuona jambo kama hilo. Jino bovu huvimbisha upande mmoja. Kisha akaona mtoto wa pili. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa yapata maili 10,000, toka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakaona ya kuwa ugonjwa huu hupatikana penye joto na mvua, si kwenye milima ya baridi: yaani, kule kule kwenye malaria. Leo yajulikana kuwa malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vilivyoonekana katika uvimbe huo mwaka 1964, humtia mtoto hatarini. Saratani yenyewe haiambukizi.

Mtazame mdogo wako. Je, meno yake yanalegea, na umri wa kung'oka bado? Jicho limetokeza? Tumbo limevimba? Kung'oa jino hapo ni kupoteza siku. Dawa zipo, na wengi wanaowahi kutibiwa hupona. Apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, wala msingoje mavuno yauzwe.