Viza Zikibadilika, Soma Mhuri Wako

Kenya ilipofuta viza Januari 2024 na kuleta kibali cha kuombwa mtandaoni, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakutakiwa kukiomba. Kwa hiyo ukikutana na mtu mtaani Musinzira anayetaka umlipe akutafutie "viza ya Kenya", mwache na maneno yake. Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu 2007, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inakupa ruhusa ya kuingia nchi wanachama bila viza na kukaa hadi miezi sita.

Karatasi za safari lakini ni lazima. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa, Tanzania haikuingia. Ukienda Tanzania kupitia Muyinga na Kobero, usitegemee kitambulisho chetu, karangamuntu, peke yake. Chukua pasipoti au laissez-passer kwa watu wa uhamiaji, wale ambao wengi wetu bado tunawaita PAFE. Kadi ya njano ya chanjo nayo iwe mfukoni, isiwe chini ya mizigo.

Dirishani ndipo wengi wanapoponzwa na haraka. Afisa atakuuliza unakwenda kwa nani na kwa muda gani. Ukijibu "wiki mbili tu" ili umalize upesi, usishangae kupewa hizo wiki mbili. Sema muda unaouhitaji kweli, toa namba ya simu ya mwenyeji wako, kisha fungua ukurasa wa mhuri kabla hujaondoka. Siku zikiwa zimeandikwa kwa kalamu, 1 na 7 hufanana. Uliza papo hapo. Na kibali cha mgeni si cha kazi, hata kama ni kumshikia binamu duka.

Ukishavuka, sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Basi la Tanzania halingoji saa ya Burundi.

Kwa safari za mbali, usinunue tiketi kwa habari za mwaka jana. Oktoba 2022 Serbia iliwarudishia Warundi sharti la viza baada ya kuwaruhusu kuingia bila hiyo. Marekani nayo, kuanzia 9 Juni 2025, ilisimamisha viza za matembezi na za masomo kwa Warundi, isipokuwa wachache. Uliza ubalozi wenyewe kwanza, na usimpe wakala hata faranga moja kabla hujapata jibu.