Utajiri unaopaa na moshi wa maganda

Vikundi kadhaa Kampala huchoma maganda ndani ya mapipa kupata mkaa mbadala. Kemikali za kuuza ziko wapi hapo?

Ziko kwenye moshi unaoachwa upae. Ganda kavu likipashwa joto hadi nyuzi 500 bila kupata hewa haliwaki, linavunjika: sehemu hubaki mkaa, nyingine hutoka ikiwa gesi na mvuke. Mvuke huo ukipozwa bombani hugeuka kimiminika cheusi chenye asidi ya siki, methanoli, fenoli na lami. Kabla ya methanoli kutengenezwa kwa makaa ya mawe na gesi, ilipatikana kwa kupasha magogo namna hiyohiyo.

Basi kwa nini tusianze na maganda ya matoke yanayojaa masokoni?

Swali hili lina uzito, hasa baada ya jalala la Kiteezi kuporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30. Lakini sehemu kubwa ya ganda bichi la ndizi ni maji, na kuyakausha kwa moto hula nishati ileile tunayoitafuta. Potasiamu yake nayo huvunjavunja mvuke, kimiminika kikapungua. Ganda hilo ni heri apewe mbuzi. Makapi ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ni habari nyingine: ni makavu, na yamekwisha kurundikana kwenye vinu vya kukoboa, kama vile vya Masaka, bila mtu kulipia lori la kuyakusanya. Wapo watakaosema makapi hayo yana wanunuzi tayari, kwani kiwanda cha saruji cha Hima huyachoma kwenye tanuri zake. Ni kweli, na hilo ndilo pingamizi linalonipa shida zaidi, kwa sababu taka ikishapata mnunuzi si taka tena. Njia ya kulikwepa ni kutoa kemikali kwanza, kisha kuchoma kinachobaki. Afrika Kusini wanafanya hivyo: kiwanda cha sukari cha Sezela hupasha makapi ya miwa kwa mvuke, kikatoa fufurali, kimiminika kinachotumika kusafishia vilainishi na kutengenezea gundi za viwandani, na mabaki hurudi kwenye boila. Viwanda vya sukari vya Uganda, kama Kakira na Lugazi, vina miwa na boila. Vinachokosa ni mtambo wa katikati na mnunuzi wa uhakika.

Hayo maji meusi yatokanayo na moshi hayawezi kuendesha magari?

Hapana. Asidi yake hula chuma, na kilo yake haifikishi nusu ya nishati ya kilo ya dizeli. Kuyasafisha kunahitaji haidrojeni na vichocheo vya bei ghali.

Na mwenye pipa moja tu?

Auze mkaa. Akifunga bomba la kupozea atapata siki ya moshi, ambayo wakulima wa nchi kadhaa za Asia huitumia dhidi ya wadudu, ila aiache itulie kwa miezi hadi lami izame, maana ndani ya lami hiyo mna vitu vinavyosababisha saratani. Kutenganisha fenoli na methanoli kunataka minara ya kukenekea na maabara, kazi ya kiwanda, na mtu asimuuzie ndoto hiyo.