Kuzuia Maji Kuingia Besimenti: Kazi Huanzia Nje ya Ukuta

Mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ndizo hupima kazi ya fundi. Wakazi wa Thika na Ruiru wanakumbuka masika ya 2024, ambapo maji yaliingia majumbani na kukata barabara katika kaunti nyingi, Kiambu ikiwemo.

Majumba mengi ya ghorofa yanayojengwa katika miji hii yana besimenti, yaani orofa ya chini ya ardhi. Humo wapangaji huegesha magari, na mara nyingi ndimo huwekwa pampu, mita za stima na tangi la maji. Maji ya mvua yakiingia huko, hasara si rangi ya ukuta pekee. Stima hukatika, maji ya matumizi huchafuka na maisha ya watu huwa hatarini.

Wengi huanza kwa kuita fundi apake dawa ya kuzuia maji upande wa ndani. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini ukuta unaosukumwa na maji kutoka nje kila msimu hatimaye huyapitisha. Jambo la kwanza ni kuhakikisha maji hayasimami karibu na msingi.

Maji ni mengi kuliko unavyodhani

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita mraba 465 hivi. Mvua ya milimita 30, ambayo inaweza kunyesha alasiri moja, humwaga karibu lita 14,000 katika ploti hiyo. Hayo ni mapipa 70 ya lita 200. Paa la mita mraba 150 peke yake hutoa lita 4,500. Bomba la gata likiishia kwenye kona ya nyumba, maji hayo yote yanamwagwa penye msingi.

Ujue udongo wako

Upande wa Juu, udongo mwekundu hunywa maji vizuri. Lakini sehemu nyingi za Ruiru kuelekea Juja, na mitaa kadhaa ya Thika, zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hupasuka wakati wa kiangazi na kuachana na ukuta. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji huteremka kwenye ufa huo moja kwa moja hadi chini ya msingi. Baadaye udongo hufura, hufunga, na kuyazuia maji yasitoke. Ndiyo maana besimenti nyingine huvuja zaidi wiki ya kwanza ya mvua.

Tafuta chanzo

Chukua mwavuli, uzunguke nyumba mvua ikinyesha. Tazama maji yanatoka wapi, yanasimama wapi na yanaingilia wapi. Unyevu ukitokea saa chache baada ya mvua, tena mahali pamoja, huenda ni maji ya juu ya ardhi na yanaweza kuelekezwa kwingine. Yakipanda kupitia sakafu na kukaa wiki nyingi baada ya mvua kwisha, huenda ni maji ya chini ya ardhi. Hapo muite mhandisi.

Kama huna hakika kwamba ukuta unavuja, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya utepe pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa. Fungua njia za upepo. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni, maji yanapenya ukutani.

Hatua za kufuata

1. Safisha gata kabla ya msimu wa mvua. Ongeza bomba ili maji ya paa yamwagike angalau mita 2 kutoka ukutani, au yaingie kwenye tangi. Tangi likijaa, maji ya ziada yawe na njia yake.

2. Inamisha ardhi. Katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani, ardhi ishuke sentimita 15. Pima kwa kamba na pimamaji. Jaza kwa udongo mzito ulioshindiliwa. Mchanga na kifusi hunyonya maji na kuyapeleka kwenye msingi. Usifunike ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi. Udongo uishie sentimita 15 chini yake.

3. Kwenye udongo mweusi, ziba nyufa zilizo kando ya ukuta kabla ya mvua, kisha zungushia nyumba sakafu ya zege yenye upana wa mita 1, iliyoinama kuelekea nje.

4. Ikiwa ploti iko kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa juu ili maji yapite kando ya nyumba.

5. Kwenye njia ya magari ya kuteremka besimenti, weka tuta dogo juu ili maji ya barabara yasiingie. Chini weka mtaro wenye wavu wa chuma na shimo la pampu.

6. Shimo la kunyonya maji hufaa kwenye udongo mwekundu, mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Kwenye udongo mweusi hujaa upesi, kwa hivyo usilitegemee.

Usihamishe tatizo

Maji ya mvua hayaruhusiwi kuingizwa kwenye bomba la majitaka. Bomba likizidiwa, mashimo ya ukaguzi hufurika na uchafu hurudi kwenye nyumba zilizo chini. Usielekeze maji kwa jirani, wala usizibe mtaro wa barabara kwa udongo ili upate njia ya geti, weka kalvati. Ukipanga kutandaza kabro ploti nzima, acha sehemu ya nyasi inywe maji.

Maji yakishaingia

Usikanyage maji kabla stima haijazimwa. Kama swichi kuu iko ndani ya besimenti, kaa nje na uwaite Kenya Power. Usishuke kuokoa gari mvua ikiendelea. Usiwashe jenereta au pampu ya petroli ndani ya besimenti, kwa sababu moshi wake unaweza kuua. Tangi la chini ya ardhi likifunikwa na maji ya mafuriko, usiyatumie maji yake mpaka limwagwe, lisafishwe na kutiwa dawa.

Mpangaji, mjulishe mwenye nyumba mapema unapoona unyevu. Mwenye nyumba, kabla ya kubadilisha mteremko au mtaro unaogusa barabara, fika kwenye ofisi ya mipango ya kaunti ndogo. Mtaro wa mtaa ukiwa umeziba, toa taarifa kwa msimamizi wa wadi yako kabla mvua haijaanza.