Motokaa Inayokataa Mara Moja Moja

Motokaa ikikataa kuwaka kila siku, kazi ya fundi si ngumu sana, kwa kuwa ugonjwa unakaa mahali pake ukimngoja. Yenye taabu ni ile iwakayo siku tano na kukataa siku ya sita, kisha ikawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Ugonjwa wa namna hii wafanana na homa ya vipindi: mgonjwa afikapo kwa tabibu, homa imekwisha kuondoka. Katika somo hili tutaona jinsi fundi mmoja alivyoukamata ugonjwa huo katika gari la zahanati, Land Rover ya toleo la tatu, ambalo liliundwa Uingereza tangu 1971 hata 1985.

Zahanati ile ilikuwa mlimani, na gari ndilo lililowachukua wagonjwa mpaka hospitali ya wilaya. Siku nyingi liliwaka upesi. Siku nyingine dereva aligeuza ufunguo akasikia sauti moja tu, "tak", kisha kimya. Akanunua betri mpya. Gari likawaka wiki mbili, likakataa. Akaifungua stata akaipeleka mjini. Huko ilizunguka vema juu ya meza, akarudishiwa ile ile, naye akalipa. Gari likawaka siku tisa, likakataa tena. Angalieni sana hapa. Kila alipobadili kitu gari liliwaka, naye akaamini ya kuwa amepata dawa. Kumbe katika kufungua na kufunga alikuwa amezitikisa nyaya tu, na gari lingaliwaka hata kama asingalinunua kitu.

Usiku mmoja aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, na mtoto amelala kingamo tumboni. Gari likakataa. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono ilikuwa imepotea zamani. Watu wakaamshwa, wakalisukuma gizani mpaka penye mteremko, nalo likawaka. Mama alifika hospitali, akapasuliwa, akapona yeye na mwanawe; lakini karibu saa nzima ilikuwa imepotea. Kulipokucha tabibu alimwita fundi mzee aliyekaa kijiji cha pili.

Fundi alipofika gari liliwaka mara moja. Dereva aliona haya, lakini mzee hakufungua hata skrubu moja. Aliuliza: "Likikataa, injini huzunguka bila kuwaka, au haizunguki kabisa?" Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Injini ikizunguka bila kuwaka, yapasa kutazama petroli na cheche za plagi. Isipozunguka, hayo yote yaachwe, na itazamwe betri, na stata, na njia ya umeme iliyo kati yao.

"Haizunguki, mzee," alijibu dereva.

"Na taa je, mwanangu, ukiwa umegeuza ufunguo?"

"Zawaka sana, hazipungui."

Fundi akatikisa kichwa. Betri ikiwa dhaifu, taa hufifia mara stata inapoitwa kazini. Akampa dereva daftari, akamwagiza aandike kila mara gari likataapo: ni saa ngapi, injini ni baridi au ya moto, limetoka njia gani, na jambo lo lote aliloliona hata likiwa dogo. "Kama hapana mgonjwa," akasema, "usiligonge wala usilisukume. Liache hivyo hivyo, uniite."

Katika wiki tatu gari lilikataa mara nne. Mvua haikuwa sababu, wala joto, wala baridi. Lakini mara zote nne lilikuwa limerudi kwa njia ya mawe. Tena mara moja dereva aliandika, "Waya wa choki ulikuwa wa moto." Nusura asiandike, maana aliliona neno la kipuzi. Fundi aliposoma mstari ule alicheka kwa furaha.

Ili tuelewe kicheko chake, yatupasa kujua kwamba umeme utokao katika betri hauna budi kurudi katika betri. Huenda katika stata kwa waya mnene, nao hurudi kwa njia ya chuma cha injini na chuma cha gari. Lakini injini imekalishwa juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo umewekwa utepe wa nyaya zilizosukwa, ambao waunganisha injini na fremu ya gari. Utepe ukiwa na kutu chini ya bolti yake, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, nao huupitia hata waya mwembamba wa choki, na kuuchemsha. Nazo taa hazina haja ya utepe huo, kwa sababu umeme wake haupiti katika injini.

Mara ya tano fundi aliitwa, akalikuta gari bado likikataa. Akachukua kipimo cha volti, akamwambia dereva ageuze ufunguo. Kwenye betri yenyewe palikuwa na volti 11. Kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na ncha ya pili kwenye chuma cha injini. Hapo haifai kuonekana zaidi ya nusu ya volti. Zilionekana volti 6! Zilipotelea njiani, na stata ikabakiwa na 5 tu.

Mwaweza kuuliza, mbona gari liliwaka liliposukumwa, ikiwa njia ilikuwa mbovu? Fikirini mfereji ulioziba kwa majani. Mama ajazaye mtungi haoni upungufu, bali mwenye shamba la migomba huona. Kizuizi cha kutu kilikuwa omu 0.04. Stata ilivuta ampea 150, na 150 mara 0.04 ni volti 6. Cheche za plagi zahitaji ampea 4 hivi, na hapo hupotea volti 0.16 tu.

Fundi akaunga waya mnene toka kichwa hasi cha betri mpaka injini. Gari likawaka papo hapo, na hii ndiyo hakika aliyoitaka kabla ya kushika spana. Ndipo alipofungua kwanza kichwa hasi cha betri, ili spana isije ikagusa chuma na kutoa cheche. Akautoa utepe. Kwa juu ulionekana mzima. Chini ya bolti palikuwa na kutu na mafuta meusi. Akapasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga utepe mpya, akapaka grisi. Utepe ule ulikuwa na bei ndogo kuliko nauli ya kuipeleka stata mjini.

Jambo la mwisho alilotaka ni hendeli. Dereva akaipata kwa mwenye magari mabovu, naye aliifunga nyuma ya kiti pamoja na daftari.

Maswali
1. Kwa nini taa ziliwaka vema wakati stata haikuzunguka?
2. Kizuizi kingalikuwa omu 0.002, na stata ivute ampea 150, zingalipotea volti ngapi?
3. Dereva alidanganywa na nini aliponunua betri mpya?