Kutu: Kikulacho Ki Nguoni Mwako



Wengi wenu mmetuuliza ni kitu gani hasa kilichoifika pikapu ya Chama msimu uliopita. Yamesemwa mengi barazani, na mengine si kweli. Basi twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo lenyewe kama lilivyokuwa, kisha tutoe somo ndani yake, kwani wengi wetu tuna magari ya zamani, na lililotufika sisi laweza kumfika mwingine.

Siku ile pikapu ilikuwa ikiteremka kilima, nyuma ina magunia ya karafuu kavu na wachumaji sita. Dereva alikanyaga breki, pedeli ikaenda mpaka chini pasipo kushika kitu. Alitia gia ndogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, likasimama. Kijana mmoja alivunjika mkono. Amekwisha pona, alhamdulillahi. Fundi alipolala chini ya gari alikuta bomba la breki, lile jembamba la chuma, limeliwa na kutu mpaka limetoboka, pale lilipobanwa kwenye chesisi na matope yakajikusanya.

Na hapa yatupasa tuseme kosa letu. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, sisi wa afisini tulitoa fedha za Chama ili pikapu ipakwe rangi mpya. Ilipendeza, hata tukaisifu katika gazeti hili hili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama chini. Tulimvika mgonjwa kanzu mpya bila ya kumtazama kidonda.

KUTU NI NINI

Kutu hutokea vitu vitatu vinapokutana: chuma, maji na hewa. Chuma huungana na oksijeni iliyomo hewani kwa msaada wa maji, kikageuka kuwa kitu chekundu kisichokuwa na nguvu. Ukiyazuia maji na hewa visikifikie chuma, kutu haifanyiki. Shikeni neno hili, kwani rangi, grisi na mafuta yote hufanya kazi hiyo moja tu ya kuzuia.

Chumvi huiharakisha kutu kwa njia mbili. Kwanza, maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, na kutu huendeshwa na umeme mdogo sana upitao katika chuma na maji yaliyokigusa. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hata gari lionekanalo kavu likawa bado lina majimaji. Lita moja ya maji ya bahari ina kiasi cha gramu 35 za chumvi. Nasi magari yetu hupanda meli, hushuka pwani kupakia mashua, na hulala penye upepo wa bahari mwaka mzima.

Juu ya hayo kuna kazi yetu wenyewe. Kila mkulima ajua kwamba kilo 3 za karafuu mbichi zikianikwa hubaki kama kilo 1. Zile mbili zilizokwenda ni maji. Basi magunia ya karafuu mbichi, au jamvi lililoloa, yakilala ndani ya gari usiku kucha, ni sawa na kulifunika bati kwa kitambaa cha maji.

INAKOJIFICHA

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo sababu rangi hufura ikafanya malengelenge. Ukiona lengelenge, usidhani kazi ndiyo inaanza. Mara nyingi hapo kutu imetoka ndani, nawe waona mwisho wake. Na bati la bodi kwa kawaida halifiki hata unene wa milimita 1.

Mahali pa kutazama ni ndani ya madigadi, chini ya mazulia ya mpira, chini ya betri, sehemu ya chini ya milango na vizingiti vyake, na kila pembe inayoshika matope. Kisha mabomba ya breki, tangi la mafuta, na chesisi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Pale penye shaka sukuma kwa bisibisi. Ikizama, hapo si pa kupaka rangi, ni pa kukata na kuchomelea chuma kipya.

Wako wasemao, “Langu ni Land Rover ya zamani, haliingii kutu.” Hiyo ni nusu ya kweli. Tangu zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, bodi za Land Rover hizo zilikuwa kwa sehemu kubwa za alumini, nayo haifanyi kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni ya chuma, yenye uwazi ndani kama sanduku, na huoza kuanzia ndani. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, ukaona unga mweupe.

KAZI YA KUFANYA

Kwanza, osha chini kabla ya juu. Kila gari litokapo pwani au melini, lioshwe kwa maji baridi siku ile ile, hasa ndani ya madigadi na juu ya chesisi. Matope yaliyoganda yatolewe kwa kijiti, kwani udongo ulioloa hushika maji siku nyingi.

Pili, zibua matundu. Chini ya milango na vizingiti mna matundu madogo ya kutolea maji. Majani na vumbi vikiyaziba, mlango huwa kama mtungi. Yapitishe kwa kijiti au waya laini. Kazi hii haina gharama yo yote.

Tatu, kausha. Liegeshe gari penye kokoto na hewa, si juu ya majani marefu. Toa magunia na majamvi kila jioni, na inua mazulia.

Nne, penye kutu ya juu juu, kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'are. Kutu iliyobaki ndani ya vishimo ipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kwa kufuata maelezo ya kopo, mikono ikiwa na glavu. Kisha paka rangi ya msingi, ambayo mafundi huiita praima, na juu yake rangi ya mwisho mara mbili. Usiishie kwenye rangi ya msingi ukangoja masika, kwani nyingi katika rangi hizo hupenyeza maji.

Tano, ndani ya chesisi na vizingiti, ambamo brashi haifiki, pulizia nta au mafuta maalumu ya kuzuia kutu, na rudia kila mwaka.

Sita, mabomba ya breki yakiwa na vishimo vya kutu, usiyapake kitu, yabadilishwe. Yako mabomba ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo hayafanyi kutu nyekundu.

YA KUJIHADHARI

Usipake lami nzito juu ya kutu. Lami ikipasuka maji huingia nyuma yake yasitoke tena, na kutu hula kwa siri. Usipulizie oili chafu ya injini, ingawa wengi wetu tumezoea. Ina uchafu udhuruo ngozi, huharibu mipira, na ikidondoka huingia ardhini na kutia sumu maji ya visima vyetu. Mafuta na grisi visiguse kabisa breki zenyewe, yaani ngoma, sahani na viatu vyake, wala mipira ya breki.

Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara. Na kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na tangi la mafuta liwekwe mbali.

WAKATI WAKE

Kazi kubwa ya kukwangua na kupaka ifanywe Januari na Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Ukaguzi wa pili uwe baada ya masika, kabla ya mavuno kushika kasi na gari kukosa siku ya kupumzika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha nyingi.

Kamati imekata shauri mambo mawili. La kwanza, pikapu haitapakia mtu nyuma tena. Wachumaji watatafutiwa gari la abiria. La pili, kila mwezi fundi atalala chini ya pikapu na kutia sahihi katika daftari lililo afisini, na dereva ana ruhusa ya kukataa kuondoka kama sahihi haipo, hata akiamrishwa na sisi wenyewe.

Lile bomba lililotoboka tumelitundika ukutani mwa afisi, karibu na mizani. Tundu lake ni dogo kuliko kichwa cha karafuu. Kila ajaye kupima karafuu zake na alitazame, kisha akirudi nyumbani ainame chini ya gari lake.

Katibu wa Chama